Nguzo Katika Shamba la Mama Sesilia

Maiti ilikuwa imelala kifudifudi kati ya matuta ya mihogo, na nguzo ya umeme imemlalia mgongoni. Sajini Apolinari Rugemalira wa askari kanzu aliegemeza baiskeli yake kwenye mkorosho, akafuta matope kwenye suruali, akaitazama maiti. Ilikuwa saa tatu ya asubuhi, Jumapili ya mwisho ya Aprili, mwaka 1953, na mvua za masika zilikuwa zimeiharibu njia yote ya kutoka Kinondoni hadi hapa Mbezi.

Konstebo Audax, aliyetangulia kufika, alimpigia saluti na kumweleza mambo kama mtu anayefunga jalada. Marehemu alikuwa Anselmo, nyapara wa vibarua wa Bwana Harding, Mzungu mwenye kandarasi ya kusimamisha nguzo kutoka mjini hadi machimbo ya mawe ya Kunduchi. Shamba lilikuwa la mjane mmoja, Mama Sesilia, ambaye tangu mwanzo alikataa nguzo zisipite kwake. Mwanawe Fransis, mchonga vinyago, alikuwa amesema mbele ya watu kwamba nguzo itakayosimama humo itamwangukia aliyeisimamisha. Sasa nguzo ya tatu ilikuwa imekatwa kwa msumeno, imeanguka, na nyapara amekufa.

Fransis mwenyewe alikuwa amekaa chini, kifua wazi, mikono imefungwa kamba kwa mbele. Msumeno wake uliwekwa mbele yake kama ushahidi.

"Nimemkuta anachonga, afande," alisema Audax. "Siku ya Jumapili."

"Hilo ataulizwa na padri," alijibu Apolinari, akaenda kukitazama kisiki.

Nguzo ilikatwa usawa wa goti. Unga wa mbao ulikuwa mweusi na mzito, umeganda juu ya udongo uliolowa. Alipouchota kwa jani la muhogo na kuunusa, harufu kali ya dawa ya kuzuia mchwa ilimpanda puani. Kisha akachuchumaa penye maiti. Kisogoni mwa Anselmo palikuwa na tundu la mviringo, dogo, lisilozidi kifuniko cha chupa. Nguzo ile ilikuwa nene kama paja la mtu mzima. Kitu cha unene huo kinaponda, hakitoboi.

Vibarua wanne walikuwa wamesimama njiani. Apolinari aliwaomba waje kuinua nguzo na hakuna aliyejongea. Aliporudia mara ya pili, akiwa amekwisha kutoa daftari lake, mkubwa wao aliyeitwa Polikarpo alitema mate pembeni akawaongoza wenzake. Walijipaka mafuta ya nazi mikononi, wakajifunga magunia hadi kwenye viwiko, ndipo wakainua.

Mahali nguzo ilipolalia udongo palikuwa pamelowa, na majani ya mihogo yaliyopondwa chini yake yalikuwa yameoshwa na mvua kabla hayajapondwa. Lakini Anselmo alipogeuzwa, chini ya tumbo lake vumbi lilikuwa kavu kama la jikoni.

"Mvua ilinyesha saa ngapi jana?" aliuliza Apolinari.

Audax alisema ilianza saa nane mchana na kukatika kiasi cha saa kumi na nusu.

"Basi huyu alikuwa amekwisha kulala hapa kabla ya saa nane. Nguzo imeletwa juu yake baada ya saa kumi na nusu. Haikumuua, imemkuta maiti."

Audax alifikiri kidogo. Akasema kwamba hata hivyo Fransis angeweza kuua mchana, kisha akakata nguzo jioni.

"Ili iweje? Ili wewe ukija asubuhi umfunge yeye?"

Konstebo alikuwa na habari mbaya zaidi. Bwana Harding alikuwa amekwisha kumpigia simu mkuu wa kituo na kumtajia jina la muuaji. Mkuu wa kituo alikuwa Mwingereza asiyependa kubadilishiwa maneno, naye aliagiza Fransis apelekwe mahabusu na hati ya mashtaka iandikwe Jumatatu. Apolinari aliamuru kamba ilegezwe, lakini hakuweza kumwachia kijana. Mkuu wa kituo asingekubali kuona jina moja likifutwa kama hakuletewa jingine.

Kabla maiti haijafunikwa turubai aliandika kila alichokiona mwilini: shati, viatu, ufunguo mdogo wa sanduku mfukoni, na mkono wa kulia wenye kovu la zamani lililokatiza dole gumba na kuligawa mara mbili. Vibarua walisema lilikuwa jeraha la waya.

Mama Sesilia alikuwa mlangoni mwa nyumba yake. Alikuwa mwanamke mrefu wa Masasi, mjane wa mwalimu wa misheni, na alisimama kama anavyosimama mtu anayeziba njia.

"Shikamoo, mama."

Hakuitikia. Alimtazama kuanzia kofia hadi viatu.

"Mlikuja na nguzo bila hodi," alisema. "Leo mmekuja na kamba, bila hodi vilevile."

"Mie sikuja na nguzo, mama."

"Mnatumwa na mlango mmoja."

Hakumpa kiti. Apolinari aliuliza maswali yake akiwa amesimama juani, na majibu yalitoka mafupi kama ya mtu anayekata kuni. Shamba hili walilinunua yeye na marehemu mumewe mwaka 1938, kwa hati. Hakuna mtu aliyemletea karatasi yoyote kuhusu umeme. Alijua habari hizo siku alipokuta vibarua wanachimba mashimo na kung'oa mihogo yake. Aliwauliza kwa ruhusa ya nani, wakamwambia amuulize karani. Karani akamwambia siku za kupinga zimepita. Ndipo akamwandikia Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, akaitwa aje Jumatatu saa tatu kusikilizwa. Jumamosi hakuona wala kusikia kitu, kwa kuwa nguzo ziko ng'ambo ya shamba, nyuma ya mihogo mirefu.

Kuhusu Anselmo sauti yake ilipungua ukali kidogo, si sana. Alikuwa mtu wa kusini kama wao, wakisali kanisa moja, naye akija kula hapo siku za Jumapili hadi nguzo zilipoanza. Ijumaa alikuja jioni, akakataa chakula, akabaki amesimama hapo hapo aliposimama sajini.

"Aliniambia, 'Mama, nimekukosea. Jumatatu nitakwenda kusema kwa Bwana Shauri.' Nikamuuliza umenikosea nini, akaondoka. Sasa andika na hilo, kama kalamu yako inaandika mambo ya namna hiyo."

Aliandika. Mama Sesilia alidai asome maelezo yake kabla ya kuyakubali. Aliyasoma yote, akasahihisha neno moja, kisha akatia saini: Sesilia Chilumba, kwa mwandiko wa kulala uliofundishwa kwa fimbo na masista. Fransis alipopitishwa mbele ya nyumba na Audax, mama alimwambia avae shati. Kijana akasema hana mikono ya kulivalia.

Kambi ya Harding ilikuwa Tegeta, mahema matano na ghala moja la bati kando ya barabara ya Bagamoyo. Mzungu alikuwa anakunywa chai na hakusimama. Alisema, kwa Kiswahili cha kuamrisha, kwamba machimbo yanataka umeme kabla ya mwisho wa mwezi wa tano, kwamba amepoteza nyapara mzuri, na kwamba muuaji yuko mikononi mwa polisi, kwa hiyo haelewi sajini anatafuta nini kambini kwake. Kwa mambo ya karatasi amuone karani.

Karani alikuwa Projestus Kaijage, kijana nadhifu aliyevaa tai na shati jeupe la mikono mirefu lililofungwa vifungo hadi kwenye vifundo, ingawa joto chini ya bati lile lilikuwa linachuruzisha jasho. Alipolisikia jina la sajini uso wake ulifunguka. Alimsalimu kwa Kihaya, akamuuliza kwao ni wapi, Kamachumu au Kiziba, akamwita ndugu. Apolinari alimjibu kwa Kiswahili na kuomba kuona ilani ya shamba la Sesilia.

Sheria ilitaka mwenye shamba aletewe ilani mkononi, asomewe, apewe siku kumi na nne za kupinga. Zikipita bila neno, mwenye kandarasi ana haki ya kuingia. Projestus aliitoa karatasi bila kusita. Ilikuwa ya tarehe 9 Machi. Chini iliandikwa kwamba mwenye shamba amesomewa, ameelewa na ameweka dole gumba mbele ya shahidi. Saini ya shahidi ilikuwa ya Projestus.

Apolinari aliisogeza karatasi kwenye mwanga wa mlango. Alama ya dole ilikuwa nzuri, mistari yake inaonekana yote, na katikati ilikatizwa na mstari mweupe uliokwenda upande hadi upande.

"Aliweka dole lake mbele yako?"

"Mbele ya macho yangu haya. Hajui kusoma, maskini. Nilimshika mkono nikamwongoza kwenye wino."

"Uliisoma ukamwelewesha?"

"Neno kwa neno. Sasa anajifanya hajui. Ndiyo tabia yao hawa wenye vishamba."

Apolinari aliyaandika maneno hayo jinsi yalivyotoka, akamwomba atie saini. Projestus alitia kwa mkono mwepesi. Aliulizwa alikuwa wapi Jumamosi. Vibarua waliachiwa saa sita, alisema, Bwana Harding akaenda mjini, yeye akabaki ghalani peke yake hadi usiku akipanga majalada. Ufunguo wa ghala lenye misumeno na nyundo ulikuwa na watu wawili tu, yeye na Bwana. Alisema hivyo kwa fahari ya mtu anayeaminiwa. Sajini alimwandikia stakabadhi ya ile ilani, akaitia kwenye mfuko wa ngozi, akaondoka. Nyuma yake alimsikia Harding akimuuliza karani kwa nini ameitoa.

Saa kumi jioni alikuwa katika chumba cha maiti mjini na kibati cha wino. Aliupaka wino mkono wa kulia wa Anselmo, akagandamiza dole gumba mara tatu kwenye karatasi safi, akaiweka karatasi hiyo kando ya ilani. Hakuhitaji kioo cha kukuzia. Mstari mweupe ulipita mahali palepale, umekata mikunjo ileile. Dole lililokubali nguzo katika shamba la Mama Sesilia lilikuwa la nyapara aliyezichimbia mashimo.

Polikarpo, aliyekuja na maiti kwenye lori, alikuwa amechuchumaa nje ukutani. Apolinari alikaa karibu yake, akamuuliza jambo moja tu: kwa nini asubuhi walijipaka mafuta na kujifunga magunia.

Polikarpo aligeuka kutazama kama kuna anayewasikiliza. Baadaye akasema kibarua akizungumza na askari anafukuzwa kazi, na akifukuzwa askari hamlishi. Sajini alikiri kwamba ni kweli. Dereva wa lori alipopiga honi, Polikarpo akapandisha mikono ya fulana yake. Ngozi ilikuwa na mabaka meupe kuanzia kifundo hadi kiwiko.

"Dawa ya nguzo," alisema. "Kila mgeni wa kazi inambabua mwezi wa kwanza. Ikikurukia mkono mtupu, ukikata nguzo hasa, ule unga wake, basi kesho yake ukipigwa na jua unavimba malengelenge kama umemwagiwa uji wa moto. Hatumwambii mtu. Anajifunza mwenyewe."

Apolinari aliendesha baiskeli moja kwa moja hadi kituoni na kuomba kumwona Fransis. Kijana alimgeuzia mgongo. Alikubali kunyoosha mikono tu, bila kugeuka, kupitia vyuma. Ilikuwa mikono ya mchonga mpingo, yenye sugu na michubuko, mikavu, na haikuwa na lengelenge hata moja.

Jumatatu saa tatu kasorobo, baraza la ofisi ya Bwana Shauri lilikuwa na watu watatu waliotengana kadiri benchi lilivyoruhusu: Mama Sesilia upande mmoja, Harding upande wa pili, na Projestus amesimama nyuma yake na jalada kwapani. Shati lilikuwa jingine, lakini la mikono mirefu vilevile. Apolinari alipanda ngazi na Audax.

"Bwana Projestus, kunja mikono ya shati lako."

Karani alicheka kidogo, akaeleza kwamba anaingia mbele ya Bwana Shauri na hawezi kuingia kama kibarua. Apolinari alirudia. Projestus akamsogelea, akaanza kusema kwa Kihaya, polepole, kwamba wao ni watu wa ziwa moja, kwamba mjini hapa mtu hana mama wala shangazi isipokuwa mtu wa kwao.

"Sema Kiswahili," alisema Apolinari, "ili mama naye asikie."

Ndipo sajini alipoeleza, bila kupandisha sauti, huku Harding akimwamuru mara mbili anyamaze. Ilani haikufika kwa mwenye shamba, kwa sababu karani alijua mwenye shamba akisomewa ataipinga. Badala yake aliliweka dole la nyapara, mtu asiyeweza kumkatalia, na yeye mwenyewe akajitia ushahidi, akidhani kila mwanamke wa shamba anaweka dole. Nyapara akashindwa kulala na jambo hilo. Jumamosi, vibarua walipokwisha kuondoka, alipigwa kisogoni shambani. Baada ya mvua mtu mwenye ufunguo wa ghala alirudi na msumeno, akakata nguzo ili lawama imwangukie mwana wa mjane. Mtu huyo alizoea kalamu. Hakujua kwamba nguzo zinakatwa kwa mafuta na magunia.

"Audax," alisema.

Konstebo alivifungua vifungo. Kitambaa kilikuwa kimegandamana na ngozi, na Projestus alipiga kelele kilipovutwa. Mikono yote miwili ilikuwa imebabuka na kuchuruzika maji, na mafuta ya mgando aliyojipaka yalikuwa yameyeyuka juu yake.

Harding alisogea hatua moja, mbali naye.

Projestus alimtazama Mzungu kwanza, kisha Apolinari. "Nilimwomba anyamaze siku moja tu," alisema. "Jumatatu hii moja. Angenyamaza, laini ya umeme ingepita, kila mtu angesahau. Aligeuka kuondoka. Nilikuwa nimeshika nyundo ya vigingi." Alipoulizwa nyundo iko wapi, alisema ameitupa kwenye shimo la maji huko machimboni. Audax akamfunga pingu juu ya kitambaa, kwa sababu hakuna mahali pengine pa kushika.

Bwana Shauri alifuta ilani ile siku hiyohiyo na kutamka kwamba nguzo zilizomo shambani zimesimama bila haki, ziondolewe. Lakini hakumficha Mama Sesilia ukweli. Bwana Harding angeandika ilani nyingine, safari hii ya haki, na baada ya siku kumi na nne mama angesikilizwa. Angeweza kutoa hoja kuhusu mahali laini inapopita. Kuikataa laini yenyewe, sheria haikumpa nguvu hiyo.

"Kwa hiyo mtu amekufa," alisema Mama Sesilia, "na nguzo zinarudi."

Bwana Shauri alisema kesi ya kifo ni nyingine na kesi ya ardhi ni nyingine.

Saa sita Fransis aliachiwa kituoni, mama yake akimngoja. Alimpita sajini mlangoni kama anavyopita mtu kando ya ukuta. Apolinari alianza kutoa pole, mama akamkata, akauliza kama Anselmo ana ndugu yeyote mjini. Hakuwa naye.

"Basi nipeni nimzike."

Apolinari aliisaini hati ya kutoa maiti yeye mwenyewe, ingawa mkuu wa kituo alikuwa amemwambia asijishughulishe tena na watu wa shamba lile.

Walimzika Jumanne alasiri. Sajini alikwenda, akasimama mbali kidogo, kwa kuwa hakuna aliyemwambia asogee. Polikarpo na wenzake walichimba kaburi mahali pa nguzo ya tatu, katikati kabisa ya mstari wa nguzo uliokwenda kutoka mkorosho hadi mpaka wa shamba, na walichimba kwa sepetu za kambi. Padri alikuwa amekwisha kunyunyiza maji ya baraka wakati gari la Harding lilipokata kona na kusimama juu ya mihogo. Alikuwa na ilani mpya mkononi. Aliuliza nani ameruhusu kaburi mahali hapo.

"Mwenye shamba," alijibu Mama Sesilia, akaipokea ile karatasi.

Aliisoma yote akiwa amesimama, na watu wakamngoja. Alipofika karibu na mwisho alirudia kifungu kimoja kwa sauti, ili padri na vibarua wasikie: laini haitapita juu ya nyumba, kisima wala kaburi, isipokuwa kwa ridhaa ya mwenye mahali hapo iliyoandikwa.

Harding alimgeukia Apolinari na kumwamuru asimamishe mazishi. Apolinari alisema yeye ni askari wa makosa ya jinai, na hapa haoni kosa. Mzungu akawageukia vibarua, akawaambia asiyekuwa kambini baada ya nusu saa asije kesho. Polikarpo alimtazama, akachota udongo sepetu iliyojaa, akautia kaburini. Wenzake wakamfuata. Gari lilirudi nyuma, likavunja mihogo mingine, likaondoka.

Alhamisi wapimaji walikuja na vigingi vipya. Walisimama kwa muda barabarani wakilitazama shamba, kisha wakavuka na kuanza kupima upande wa pili wa barabara.